Ukiitwa Porini, Itika

Hewa Bora, Jumapili mchana

Solange mwanangu,

Nimekupigia simu mara nne tangu utoke hapa. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu iliita kidogo tu, kisha kimya, na mimi si mjinga, najua simu iliyokatwa na kidole. Mara ya nne sikuwa hata na neno la kusema, nilitaka tu kuona kama utakata tena. Ukakata. Basi nimechana karatasi za katikati ya daftari la wanafunzi wangu, nimekaa hapa sebuleni kwenye meza ya salon, nakuandikia. Barua huwezi kuikata.

Najua uko Kasapa unaaga wenzako wa chuo. Waage vizuri. Kesho asubuhi gari la kampuni litakuja kukuchukua hapa mlangoni, na kwa miezi saba utakuwa huko Kundelungu ukitembea porini kuchukua udongo wa kupima. Miezi saba. Mimi nimekuwa na siku tatu tu za kuzungumza nawe kabla ya safari, na hizo siku tatu umezimaliza kwa watu wengine.

Usicheke Kiswahili changu cha kitabu. Nimefundisha darasa la nne miaka ishirini na miwili. Mdomo wangu unasema cha Lubumbashi kama wako, lakini nikishika kalamu mkono unajinyoosha wenyewe.

Sitakuambia habari za kula, kufua, kusali wala kuchagua rafiki. Hayo nimeyasema mpaka yamenichosha mimi mwenyewe. Nataka kusema juu ya huu mfuko wako uliouacha katikati ya salon, nimeuruka mara sita leo nikienda jikoni. Mara ya saba nilipiga magoti nikaufungua.

Ndiyo, nimefungua mfuko wako. Kasirika, halafu endelea kusoma.

Nimekuta taa ya kufunga kichwani, nzuri. Nimekuta kisu chenye meno kumi na moja, na nimevunja ukucha nikijaribu kutoa lile moja linalokata. Nimekuta dawa za kusafisha maji, ramani iliyokunjwa ambayo haijawahi kukunjuliwa, na viatu vipya kabisa, bado vina karatasi ndani. Viatu unavyotaka kutembelea siku nzima hujavivaa hata kwenda kununua mkate! Siku ya pili utakuwa unatembea kwa visigino vyenye damu. Nimekuta filimbi, sifflet yako, imefungwa ndani ya plastiki yake ya dukani. Na chini kabisa, imeviringishwa ndani ya taulo, nimekuta fer ya kunyoosha nywele. Solange! Utaichomeka kwenye mti gani?

Fer nimeitoa. Iko kwenye kabati langu.

Lakini si mfuko ulionikasirisha. Vitu hivyo ni vizuri na umevinunua kwa jasho lako. Kilichonikasirisha ni yale maneno ya jana, tulipokuwa tunachambua mboga. Nilikuuliza huko porini mtakuwa mnaitana namna gani. Ukaniambia mkuu wa timu anapiga radio kila baada ya saa mbili, na kila mtu lazima ajibu hata kama hana la kusema. Ukacheka.

“Mama, ni kama batoto ba maternelle banaitwa majina. Présent, présent! Mi na Gaël mwenzangu wa kazi tulishaka kusema, tutajibu ya asubui na ya mangaribi. Ile ingine tunaacha.”

“Juu ya nini munaacha?”

“Juu tuko bantu bakubwa. Niko na GPS, niko na sifflet, niko na lampe. Unataka nini tena?”

Niliingia jikoni nikaanza kupigapiga masufuria, na wewe ukaongeza sauti ya muziki. Ulidhani nimechukia ujeuri wako. Nilichukia, ndiyo. Lakini nusu ya ile hasira haikuwa yako. Ilikuwa ya msichana mwingine mwenye miaka kumi na tisa, na ni huyo ninayetaka kukueleza habari zake leo, maana sijawahi kumweleza mtu.

Unajua hadithi ya mguu wa mama mukubwa Odile. Familia nzima inaijua. Dada yangu mkubwa, Yaya Odile, alikwenda kutafuta uyoga, akawa na tamaa, akaenda mbali peke yake, akapotea, akavunjika mguu. Na kwa kuwa masikio yake ni mazito hakusikia wenzake wakimwita. Umekua ukiisikia hivyo. Wewe mwenyewe, ulipokuwa mdogo, ulikuwa unamsimamia mbele na kumpigia kelele usoni, “Mama mukubwa, unanisikia?”, na watu wote wanacheka, na yeye anacheka pia. Mimi nilikuwa natoka nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Babu yako alikuwa bado anakwenda kazini kwenye reli kila asubuhi, lakini mshahara ulikuwa umeacha kuja. Mvua ilipoanza, wanawake wa barabara yetu waliingia porini kutafuta uyoga, bowa kama tunavyosema. Tulikuwa watatu: mama Joséphine jirani yetu, Yaya Odile, na mimi. Lori la makala, yaani makaa ya kupikia, lilikuwa linatuacha barabara ya Kasenga kabla jua halijapanda, tunaingia kwa miguu, na jioni linatuokota palepale. Kila mtu alikuwa na beseni, kisu cha jikoni na kitenge cha pili kiunoni. Hatukuwa na kitu kingine.

Kazi ya uyoga ni mbaya kwa sababu macho yako chini siku nzima. Unaona mmoja, unainama, ukiinuka unaona mwingine hatua tano mbele. Hujui umegeuka mara ngapi. Unapokuja kuinua kichwa, miti yote ni ileile, vichuguu vyote ni vilevile, na ikiwa mawingu yamefunga jua huna hata pa kuanzia. Kwa hiyo tulikuwa tunaitana. Mama Joséphine alikuwa anapaza sauti, “Weee!”, na Yaya Odile anaitika, na mimi naitika baada yake. Baada ya muda tena. Asiyeitika, wote wanaweka beseni chini na kwenda kumtafuta. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno mengi, ndivyo wanawake walivyokuwa wanafanya.

Lakini kuitika kuna gharama yake. Ukiitika, wenzako wanajua uko wapi. Na kama umesimama mahali penye uyoga mwingi, watakuja.

Siku hiyo nilipita nyuma ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba hii, nikaona chini ya miti ardhi nzima ni ya manjano. Uyoga ule mdogo wa manjano ambao watu wa mjini wanaugombania. Ulikuwa umejaa mpaka sikujua pa kukanyaga. Na nikuambie ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza: kila siku Yaya Odile ndiye alikuwa anajaza beseni kwanza. Kila siku mama yetu anamsifu yeye, na mimi ananiambia, “Na we, Régine, ulikuwa unalala?” Nilikuwa nimechoka na hilo neno. Nikapiga magoti nikaanza kukata.

Mama Joséphine akaita. Nikanyamaza. Nilijiambia nitaitika mara ijayo.

Akaita tena. Nikanyamaza tena, na sasa nilikuwa nakata haraka.

Kisha nikasikia sauti ya Yaya. Hakuita “Weee”. Aliita jina langu. “Régine! Régine eee!” Ilikuwa inakaribia. Ilifika upande wa pili wa kichuguu, karibu mno, nilisikia majani makavu chini ya miguu yake. Solange, niliinama. Nilijikunja chini kabisa juu ya beseni langu, nikashika pumzi, mpaka alipopita. Aliendelea kuita akienda, na sauti ikawa ndogo, na mimi nikafurahi. Hilo ndilo siwezi kulisamehe hata leo. Nilifurahi.

Beseni lilipojaa mvua ilishuka, ile mvua ya Januari isiyokuacha usikie hata mawazo yako. Nilipata njia, nikafika barabarani nikiimba. Mama Joséphine alikuwa chini ya mti, peke yake.

“Odile iko wapi?” akaniuliza.

“Siyue.”

“Alienda kukutafuta we. Haukusikia tukikuita?”

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema neno moja, tungerudi ndani kwenye kile kichuguu, tungeanza palepale alipopita. Tungempata kabla ya giza, nina hakika. Lakini beseni lilikuwa kichwani na aibu ilikuwa kubwa.

“Nilisikia,” nikasema. “Niliitika. Ni yeye njo hakusikia.”

Nikaonyesha kwa mkono upande mwingine kabisa.

Siku tatu, mwanangu. Babu yako na wanaume wa reli walitafuta siku tatu, upande nilioonyesha mimi. Waliomkuta ni wachoma makala, ng'ambo ya kijito, na hawakuwa hata wanamtafuta.

Na sasa nikueleze alivyofanya, maana kama unataka kujifunza kuishi porini usijifunze kwangu, jifunze kwa yule mama unayemchekea masikio. Aliteleza kwenye mawe ya kijito siku ileile, kifundo cha mguu kikageuka. Hakulia akikimbia huku na huko kama ningefanya mimi. Alipoona hajui alipo, alikaa. Alichana kitenge, akafunga mguu pamoja na vijiti viwili. Akatambaa mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa karibu, kwa sababu juu ya kichuguu maji hayatuami, akajificha upande usio na upepo na kujifunika matawi yenye majani mengi. Beseni aliliacha wazi likamwekea maji ya mvua. Alikula matunda ya masuku ya mwisho ya msimu, yaliyoanguka, na hakugusa uyoga wake, maana hakuwa na moto na uyoga mbichi ungemtapisha. Usiku alikaa na kisu mkononi. Mchana aliita. Sauti ilipokatika, siku ya pili, aligeuza beseni na kulipiga kwa mpini wa kisu. Mara tatu, kunyamaza, mara tatu. Wale wachoma makala walisikia beseni.

Alikuwa na vitu vitatu tu, na vyote vitatu vilifanya kazi zaidi ya ile viliyonunuliwa kufanya. Ndiyo maana nimetoa filimbi kwenye plastiki yake na kuifunga kamba. Itakaa shingoni, si ndani ya mfuko, kwa sababu siku utakayoihitaji mfuko hautakuwa karibu nawe. Nimeweka njiti za kiberiti ndani ya kichupa cha dawa, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Pamoja nazo nimeweka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vinashika moto hata vikilowa. Vinanuka vibaya, vumilia. Nimeweka kitenge changu cha kijani, kile kizito, na usinirudishie ukisema ni cha kizamani. Huko juu, mwezi wa sita, baridi itakufundisha kukiheshimu. Viatu vivae leo ukirudi, ulale navyo ikiwezekana.

Mguu wa Yaya uliunga vibaya. Hilo unaliona. Usiloliona ni lile jingine. Alipoletwa nyumbani babu yako alimkaripia akiwa bado kitandani, kwamba tamaa ya uyoga ingemuua. Yaya akasema, kwa ile sauti iliyobaki, “Papa, nilikuwa natafuta Régine. Niliita, niliita, hakuitika.”

Watu wote wakanigeukia.

Nikasema, “Niliitika, Yaya. Hukusikia.”

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ataniambia mwongo. Badala yake aligusa sikio lake, hivi, kwa kidole, akasema, “Labda.” Na tangu siku hiyo aliacha kuyaamini masikio yake. Alikuwa mwimbaji kanisani, akaacha kwaya, akasema hasikii vizuri wenzake. Mtu akimwita mara moja hageuki, anangoja mara ya pili, ahakikishe. Daktari alimpima akasema hana tatizo, na yeye akasema daktari ni mtoto mdogo. Miaka thelathini, Solange. Mguu niliuvunja bila kukusudia, lakini masikio nilimnyang'anya huku namtazama usoni.

Sasa unaelewa kwa nini jana niligonga masufuria. Hukujua unasema nini, lakini ulisema lilelile. Kwamba kuitika ni kazi ya watoto. Kwamba una shughuli, umepata kizuri chako, watasubiri. Hutakufa wewe, labda. Mimi sikufa. Atakayevunjika ni yule atakayetoka kukutafuta, Gaël au mkuu wa timu au dereva mwenye watoto nyumbani. Radio ikiita, jibu. Ukiwa umechoka, jibu. Ukiwa umemkasirikia anayeita, mjibu kwa hasira, lakini mjibu. Na ukikosea njia kwa uzembe wako, sema kweli ulipo, hata kama ni aibu, hata kama uliambiwa usiende huko. Watu wanatafuta pale walipoonyeshwa.

Na simu yangu pia, Solange. Sikuombi maneno mengi. Sema “Niko, mama”, halafu ukate.

Nilikuwa nataka kumaliza hapa na kuweka jina langu. Nilikuwa nimeamua kwamba kukuambia wewe kunatosha, wewe ungebeba habari hii Kundelungu na mimi ningebaki nimepumua. Nimeisoma tena barua nikaona ni ujanja uleule, kuonyesha upande mwingine. Na nikiwa nafikiri hivyo nimesikia mtu mlangoni.

“Régine! Régine eee!”

Ni Yaya. Amekuja leo, sikumtazamia mpaka kesho. Naweka kalamu.

Narudi. Ni saa kumi na moja, jua limeshafika ukutani.

Alikuwa amekuletea vinkubala vilivyokaushwa, wale viwavi wa kuliwa, mfuko mzima, anasema porini vinashinda nyama ya kopo. Nilimpa chai. Alikaa hapa ninapokaa sasa, akaona karatasi, akauliza naandika nini. Nikamwambia. Yote, Solange, tangu kichuguu mpaka kitandani. Sikulia, sikutaka anibembeleze. Nilimwambia kwamba alipopita nilikuwa karibu kiasi cha kusikia majani chini ya miguu yake.

Alizungusha kikombe. Nje mtu alikuwa anaita mtoto wake aende kuoga, na nikamwona Yaya anageuza kichwa. Aligeuka mara ileile ya kwanza.

“Na bowa ilikuwa mingi?” akaniuliza.

“Ilikuwa mingi sana, Yaya.”

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akashika sikio lake, lilelile, si kwa kidole sasa, kwa mkono wote.

“Donc kumbe masikio yangu ilikuwa muzima,” akasema.

Akainuka. Nilitaka kumsindikiza, akainua mkono nisije. Nimesikia mguu wake mpaka kwenye kona, hatua moja nzito, moja nyepesi, na chai yake iko hapa mezani, haijanyweka. Sijui kama kesho atakuja kukuaga. Alisema atakuja kabla ya gari, lakini alisema hilo alipoingia, si alipotoka.

Ukirudi utanikuta nimenuna. Usiniulize, soma kwanza. Vinkubala vyako viko juu ya mfuko, vifunge vizuri visipate unyevu.

Na kesho asubuhi, ukisikia mtu anaita jina langu pale mlangoni, usikimbie kufungua kama kawaida yako, na usijibu kwa niaba yangu. Hata kama gari linapiga honi. Kaa na mfuko wako, uniachie mimi niitike.

Mama yako,
Régine